Arubuni ya Kitabu

Hotuba kwa waandishi chipukizi, Mji wa Kale, Mombasa

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi hapa mbele, dada na ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuniita.

Tangu tangazo la mkutano huu litoke nimepigiwa simu na watu 11, na wote waliniuliza swali moja: "Bi, kuchapisha kitabu ni pesa ngapi?" Jibu nimekuja nalo katika daftari hili. Humu mna hesabu za vitabu vyangu vitatu, na nitawasomea hata zile zinazoniuma, kwa sababu nilipoanza mimi hakuna aliyenifunulia daftari lake.

Lakini naomba nianze na Muyaka. Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yakabaki vinywani mwa watu. Miaka ikapita, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akawaendea wazee waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilichapwa mwaka 1940, tena Johannesburg. Miaka 100 baada ya mwenyewe kuzikwa! Huyo ni Muyaka, aliyejaaliwa kumpata Sikujua. Wangapi hawakumpata? Nyanya zetu wangapi walitunga tendi zikaenda nao makaburini? Nalifikiria jambo hili mara nyingi, na ndiyo sababu nikizungumza habari za pesa za kitabu sizungumzi kwa wepesi. Kilichozuia vitabu vingi vya mji huu visizaliwe ni shilingi.

Sasa tulitengue neno moja, maana linatupotosha. Mchapaji ni mwenye mashine. Unampa faili, anakupa vitabu. Mchapishaji ni yule anayebeba dhamana ya kitabu kizima: anamtafuta mhariri na kumlipa, anachukua nambari ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu popote kiendako, anaamua bei, anakitangaza, anakipeleka dukani, na kikidoda hasara ni yake. Mtu anayejichapishia amekubali kuwa huyo wa pili. Wengi wetu tunadhani tumekuwa wa kwanza tu, tunapeleka faili kwenye mashine na kurudi na maboksi, kisha tunashangaa mbona mambo hayaendi.

Nilishangaa mimi pia. Kitabu changu cha kwanza kilitoka mwaka 2014. Nilipouliza bei ya nakala 300 nikatajiwa bei kubwa kwa kila nakala. Nilipouliza nakala 1,000 ikashuka hadi shilingi 165. Nikaona hapa pana nafuu. Hesabu ile haikuwa ya uongo: katika uchapaji wa ofseti gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye kutengeneza pleti, yaani bamba za kuchapia, na kuitayarisha mashine, na ukishalipa hiyo, kila nakala inayoongezeka ni karatasi na wino. Kwa hiyo nakala nyingi hupunguza bei ya moja. Ila mimi nilinunua urahisi wa nakala ambazo sikuwa na mtu wa kumuuzia. Nililipa shilingi 165,000, akiba yangu ya miaka sita ya ualimu. Kwa miaka mitatu niliuza nakala 312. Zilizobaki 688 zilikaa chini ya vitanda, kwangu na kwa dada yangu Likoni. Masika ya 2017 yakaingia. Mnaijua nyumba ya Mombasa wakati wa masika, hata chumvi ndani ya kopo hugeuka maji. Karatasi zikanywa unyevu, gundi ya mgongo ikaachia, mchwa wakamalizia. Siku tuliyozitoa nje dada yangu alilia kuliko mimi.

Jingine, sikuwa nimemlipa mhariri. Niliona nimefundisha Kiswahili miaka mingi, nitajihariri. Ukurasa wa 47 mhusika wangu Zaituni amegeuka Zainabu, na hageuki tena hadi kitabu kinakwisha. Msomaji mmoja alinijia sokoni Marikiti, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama Zaituni alikufa.

Haya, daftari. Hizi ni hesabu za kitabu cha pili, 2019: hadithi fupi, kurasa 160, ukubwa wa A5, karatasi ya gramu 80, nakala 300 kwa mashine ya dijitali, isiyotaka pleti. Bei zimepanda tangu wakati ule, kwa hivyo msizishike kama amri. Shikeni mpango wake.

Mhariri nilimlipa shilingi 35,000. Msomaji wa prufu, yule wa kukamata makosa ya mwisho kabla ya kuchapa, 12,000. Aliyezipanga kurasa 12,000, na mchoraji wa jalada 15,000. Hapo ni 74,000, na hakuna hata karatasi moja iliyokwishaguswa na wino. Mchapaji alinitoza 270 kwa nakala, yaani 81,000, na juu yake VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, shilingi 12,960. Ushuru huo juu ya vitabu tunao tangu sheria ya VAT ya 2013. Kampuni iliyosajiliwa inaweza kuudai kwenye hesabu zake, lakini mwandishi wa Kisauni ambaye hajasajiliwa akishaulipa umekwenda. Mimi naona ni kosa kubwa kwa nchi kutoza kodi ya kusoma, na nitalisema kila ninapopewa kipaza sauti. Basi la kuleta maboksi kutoka Nairobi na tuktuk ya kuyafikisha nyumbani, 3,500. Nambari ya ISBN, ambayo huku Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, pamoja na bakodi, nakala ya sampuli na nauli za kufuatilia, 3,540. Uzinduzi, yaani ukumbi, viti, kahawa na mahamri, 22,000.

Jumla 197,000.

Sasa nisikilizeni hapa kuliko penginepo pote. Katika nakala 300, nakala 30 hazikuuzwa. Zilikwenda serikalini kwa mujibu wa Sheria ya Vitabu na Magazeti, maktabani, kwa wahakiki, kwa mhariri, kwa mama yangu. Zimebaki 270. Gawanya 197,000 kwa 270, unapata kama shilingi 730. Hiyo ndiyo gharama ya kitabu kimoja. Ile 270 ya mchapaji ni kipande chake tu. Niliweka bei ya 1,000. Duka la vitabu likachukua asilimia 35, nami nikabakiwa na 650. Kila nakala iliyouzwa dukani ilinitia hasara ya shilingi 80, na kila niliyoiuza kwa mkono wangu kwa bei hiyo ya 1,000 ilinipa faida ya 270. Nina hakika wako waandishi katika ukumbi huu wanaofurahi vitabu vyao vikiisha dukani, hawajui kuwa wanawalipa watu wawasome.

Siwalaumu wenye maduka. Tangu 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, duka lililokuwa likiishi kwa vitabu vya shule lilipoteza uti wa mgongo wake. Asilimia ile ndiyo inayolipa kodi ya mlango. Juu ya hapo wanakipokea kitabu chako kwa mali kauli: wanakiuza kwanza, pesa baadaye. Andika hati ya kila boksi unaloacha, itiwe saini na tarehe. Mali kauli isiyo na hati hugeuka kuwa sadaka.

Mtaniuliza, wapi pa kupunguza? Kila mtu huniambia atapunguza kwa mhariri. Jamani, msifanye hivyo. Punguza kurasa, na uulize mchapaji kama mashine yake huchapa kitabu kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, maana kurasa mbili zilizovuka hapo hukulipisha karatasi usiyoitumia. Punguza rangi za ndani. Fanya uzinduzi barazani kwenu. Lakini mhariri mlipe, tena umchague. Kujua Kiswahili tu hakutoshi. Namjua kijana mmoja mtunzi mzuri aliyempelekea mhariri wa mbali mashairi yake ya Kimvita, lahaja ya mji wetu huu. Penye "mato" akaandika "macho", penye "ndia" akaandika "njia", na alipomaliza vina vyote vimekufa. Alikuwa amelipa, na ikabidi alipe tena kuyafufua. Kabla hujatoa pesa mpe kurasa tano akuharirie, uone mkono wake.

Na pana watu wa kuwaepuka. Watajiita wachapishaji, watausifu mswada wako kwa siku mbili bila kuusoma, kisha watataka pesa zote mbele. Binti mmoja hapa mjini alitoa shilingi 90,000 kwa jamaa wa namna hiyo. Alipata nakala 50. Faili la kurasa hakupewa, la jalada hakupewa, na ISBN imeandikishwa kwa jina lao, kwa hiyo hata kwenda kuchapa kwingine hawezi bila kuanza upya. Ukilipia wewe, faili ni lako, nambari ni yako, haki zote ni zako, na hayo yaandikwe kabla ya senti ya kwanza kutoka. Mchapishaji wa kweli anayekutaka atatoa pesa yeye, nawe utapata mrabaha wako.

Basi, hizo 197,000 nilizitoa wapi?

Mama yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa sare. Harusi ikikaribia mtaani, yeye ndiye aliyeshika daftari. Anakwenda Biashara Street, anachagua leso, anarudi na doti moja ya kuonyesha. Wanawake wanaitazama rangi, wanalisoma jina, kila anayetaka anatoa arubuni. Hesabu ikitimia ndipo anaporudi kununua. Sikumbuki mama mdogo amebaki na doti moja mkononi isiyo na mwenyewe. Mimi, na shahada yangu, nilikuwa na nakala 688 chini ya vitanda.

Siku nilipolitambua hilo nilinunua daftari jipya. Nilichapa kijitabu cha kurasa 12, hadithi moja nzima na picha ya jalada. Hiyo ndiyo doti yangu ya kuonyesha. Nikapita kwa majirani, kwa walimu wenzangu, kwa wanafunzi wangu wa zamani walioko Jeddah na London, kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo. Bei ya kabla ilikuwa shilingi 850, nusu arubuni na nusu siku ya kuchapa. Pesa ziliingia kwenye laini ya M-PESA isiyokuwa na kazi nyingine, na nywila yake alikaa nayo jirani yangu, mhasibu mstaafu, si mimi. Niliwaambia wote: mpaka tarehe fulani zisipotimia nakala 120, kila mtu atarudishiwa zake, na gharama ya kutuma ni juu yangu. Na kila atakayelipa, jina lake litachapwa mwishoni mwa kitabu.

Lile la majina nililipata kwa Olaudah Equiano. Yule Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa akajikomboa, alipoandika maisha yake mwaka 1789 huko London, hakuuza haki za kitabu chake. Aliwaandikisha wanunuzi kwanza, zaidi ya 300, na orodha yao akaichapa ndani ya kitabu. Kisha akakizungusha mwenyewe miji ya Uingereza, na hadi 1794 kikawa kimefika toleo la tisa. Na hapa kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hakungoja mtu wa kumpa gazeti. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na 1932 akatoa Al-Islah, hapa hapa Mombasa, kwa Kiswahili. Kazi hii ina wazee wake, wanangu. Hatujaizua sisi.

Nakala zilizolipiwa zilifika 154, sawa na shilingi 130,900. Walionilipa baadhi yao hawakuomba jina lao lichapwe. Waliomba la mama, la bibi, la mtoto aliyefariki. Mzee mmoja wa Kibokoni alilipia nakala tatu kwa majina ya ndugu zake watatu waliopotea baharini. Nilipomkabidhi kitabu alifungua ukurasa wa mwisho kwanza, akakaa nao kimya muda mrefu. Mpaka leo nikiona maneno "kutafuta ufadhili" kwenye karatasi, ninayemwona ni mzee yule.

Zilibaki shilingi 66,100. Nina mchezo wa wanawake 12, tunapeana pesa kwa zamu, kila mwezi 5,000 kila mmoja. Niliwaomba mkono wa kwanza wakanipa, 60,000, na 6,100 nikatoa mfukoni. Nakala 116 zilizobaki niliuza 70 mwenyewe, misikitini baada ya Ijumaa, maharusini, shuleni, na 46 zikapitia dukani. Zote pamoja zikaleta 99,900. Ukitoa zile 66,100, nilibaki na 33,800 kwa miezi 14. Kwa mwandishi wa miaka miwili ya kazi hiyo ni pesa kidogo. Lakini chini ya kitanda hamkuwa na kitu.

Kuhusu mikopo nitakuwa mfupi. Chama chako cha akiba na mikopo kikikupa muda wa mwaka, na una mshahara wa kulipia, inawezekana. Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, tangu ilipoanza mwishoni mwa 2022, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na riba hiyo haitishi. Kinachotisha ni muda, maana mkopo wake wa binafsi ulianza na marejesho ya siku 14. Muuza viazi karai anaweza kuzungusha pesa kwa siku 14. Kitabu hakiwezi, katika siku 14 hata prufu haijarudi. Na zile programu za simu za riba kubwa, tafadhali msizikaribishe kwenye kazi hii.

Wadhamini wapo, ila tumewazoesha vibaya. Tunamwendea mwenye hoteli au mwenye duka la jumla na barua ya kuomba msaada, naye anatupa 2,000 ili tuondoke. Mwendee umuuzie. Mwambie anunue nakala 40 azipeleke katika shule anayoitaka yeye, na ukurasa wa mbele uandikwe zimetolewa na nani. Kitabu changu cha tatu kilisafiri hivyo hadi shule mbili za ng'ambo ya kivuko.

Tuzo pia ni njia. Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Pelekeni. Lakini usiiandike kwenye bajeti, kwa sababu nao wengine wa Afrika Mashariki nzima wamepeleka.

Na mtandaoni? Kitabu cha simu hakina karatasi wala maboksi, na hilo ni jambo kubwa. Bado kinataka mhariri na jalada, kwa hivyo zile 74,000 zangu ziko palepale. Amazon humpa mwandishi asilimia 70 akiuza kati ya dola 2.99 na 9.99, kwa wanunuzi wa nchi ilizoziorodhesha tu, na nje ya hapo ni asilimia 35. Tena pato la mauzo ya Marekani hukatwa kodi asilimia 30, kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Kwa jamaa zetu walioko ughaibuni ni njia nzuri, ila uliza kwanza kama Amazon inapokea kitabu cha simu cha Kiswahili. Kwa msomaji wa Bombolulu, nimeona anayelipa kwa M-PESA na kutumiwa faili ni mwepesi zaidi, ingawa faili hilo kesho utalikuta kwenye kikundi ambacho hukimo. Nimeumia kwa hilo, na dawa kamili sijaipata. Ninachofanya ni kuandika jina na namba ya mnunuzi kwenye kila ukurasa wa faili analopokea, na kidogo imesaidia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na adhana ya Isha iko karibu. Pale mlangoni nimeweka nakala za kurasa sita za daftari hili, pamoja na bei nilizopewa mwezi huu na wachapaji watatu kwa kitabu kilekile kimoja, muone zinavyotofautiana. Kuna pia hati tupu ya mali kauli mnayoweza kuinakili. Mwenye mswada uliokamilika na asiye na pa kuanzia, abaki baada ya swala. Mhasibu mstaafu niliyewatajia amekuja, yule pale mwenye kofia ya vito, na amekubali kushika nywila za watu wanne wa kwanza.